Anayechangia Msimbo Ashike na Funguo

Kila baada ya nusu saa, hifadhidata kwenye seva tatu kati ya zile tulizokuwa tukizitunza ilikuwa inajizima na kujiwasha upya. Haikuchukua zaidi ya sekunde chache, lakini sekunde hizo zilitosha kukata miunganisho yote iliyokuwa wazi, na watumiaji wakaanza kulalamika kwamba kazi zao zinapotea katikati. Seva nyingine kumi na kitu, zenye usanidi uleule uliotoka kwenye moduli ileile, yaani fungu lilelile la maagizo ya kusanidi huduma hiyo, zilikuwa shwari. Nilikesha siku mbili nikipekua kumbukumbu za mfumo hadi nikaliona tatizo lenyewe: nafasi tupu moja mwishoni mwa mstari. Moduli iliandika faili la usanidi likiwa na nafasi hiyo. Skripti ya kuwashia hifadhidata, kwenye toleo moja tu la mfumo endeshi, ilikuwa inalisafisha faili na kuiondoa. Wakala wa programu yetu ya usanidi, yaani kijiprogramu kinachokaa kwenye kila seva kutekeleza maagizo yake, akirudi dakika 30 baadaye anakuta faili haliko kama alivyoagizwa, analiandika upya, kisha anaiwasha upya huduma. Wakawa wanavutana kamba usiku na mchana, kila mmoja akiamini anarekebisha kosa.

Kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo la kurekebisha kosa, kilikuwa cha kufuta herufi moja. Nilikituma kwa watunzaji wa moduli, na aliyenijibu alikuwa mtu wa kujitolea aliyeifanya kazi hiyo usiku, baada ya kibarua chake cha mchana. Hakukataa, wala hakukubali papo hapo. Aliniomba niandike jaribio linaloendesha moduli mara mbili mfululizo na kuthibitisha kwamba mara ya pili hakuna kinachobadilika. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau: yeye hajawahi kutumia aina ile ya mfumo endeshi, na kati ya watunzaji wanne wa moduli ile hakuna hata mmoja anayeitumia. Wangeweza kuisoma moduli yao miaka kumi na wasilione tatizo lile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndiyo maana husikitika ninapoona mchango wa jamii katika programu huria za kusimamia usanidi wa seva ukizungumzwa kama pambo, kitu cha kutajwa kwa shukrani mwishoni mwa taarifa ya toleo jipya. Kwa aina nyingine za programu huenda hilo likavumilika. Mtu mmoja hodari anaweza kuandika kihariri cha maandishi kizuri akiwa peke yake chumbani. Programu ya usanidi haiandikiki hivyo. Kazi yake ni kuifahamu mifumo ya watu wengine, na hakuna kampuni duniani yenye mifumo yote ya watu wengine.

Tofauti ya mifumo ndiyo iliyozaa fani hii. Mwaka 1993 Mark Burgess, mwanafizikia aliyekuwa mtafiti mjini Oslo, alikuwa na kompyuta za aina kadhaa za Unix za kutunza, kila moja na mazoea yake, na skripti za kuzitunza zilikuwa zimejaa masharti: ukiwa kwenye hii fanya hivi, ukiwa kwenye ile fanya vile. Akaandika CFEngine, ambayo ndani yake unaeleza hali unayotaka kompyuta iwe nayo, na programu yenyewe inatafuta njia ya kuifikia. Luke Kanies, aliyekuwa ameitumia CFEngine, alianzisha Puppet mwaka 2005. Chef ikafuata mwaka 2009, Salt mwaka 2011, Ansible mwaka 2012. Lugha na mitindo vilitofautiana, ila zote zilishikilia sharti moja: kuendesha maagizo mara mia kuwe sawa na kuyaendesha mara moja. Sharti hilo ndilo lililovunjwa na ile nafasi tupu.

Chukua mfano mdogo ambao kila msimamizi wa mifumo anaujua. Unataka kusakinisha seva ya wavuti ya Apache. Kwenye Debian kifurushi, yaani programu iliyofungwa tayari kusakinishwa, kinaitwa apache2 na mafaili yake yako /etc/apache2. Kwenye mifumo ya ukoo wa Red Hat kinaitwa httpd na mafaili yako /etc/httpd. Mpangilio wa kuwezesha sehemu za ziada ni tofauti, jina la mtumiaji anayeendesha huduma ni tofauti, na faili la kumbukumbu haliko mahali pamoja. Hiyo ni huduma moja tu, maarufu kuliko nyingi, kwenye koo mbili tu za Linux. Zidisha kwa mamia ya huduma, kwa matoleo yanayotoka kila mwaka, kwa FreeBSD na Windows, kwa swichi za mtandao na watoa huduma wa wingu, kisha ujiulize ni wahandisi wangapi wa kuajiriwa wangeweza kuyajua hayo yote kwa kuyaishi.

Kiini cha programu hizi, yaani injini inayosoma maagizo na kulinganisha hali iliyopo na inayotakiwa, ni kazi ya kitaalamu na sitaki kuidharau. Lakini utajiri uko kwenye moduli, na moduli kwa sehemu kubwa ziliandikwa na watu waliokuwa na tatizo mkononi. Yule aliyekwama na seva ya barua pepe aliandika moduli ya barua pepe. Yule aliyechoshwa na swichi za mtandao wake akaandika ya swichi. Kila sharti dogo ndani ya moduli, kila mstari unaosema "ikiwa ni toleo la 7 na kuendelea", una mtu nyuma yake aliyekesha usiku fulani. Hayo ni maarifa ambayo hayamo kwenye kitabu chochote, na yamekusanywa bure kwa sababu kila aliyetoa kipande kimoja alipokea vipande elfu vya wenzake.

Ansible ndiyo iliyoonyesha wazi jambo hili linavyoweza kukua, na linavyoweza kulemea. Michael DeHaan, mwanzilishi wake, aliiandaa iwe rahisi kuingia: haihitaji wakala kwenye seva, inatumia SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali ambayo tayari ipo, maagizo yanaandikwa kwa YAML, mtindo wa maandishi unaosomeka kirahisi, na moduli unaweza kuiandika kwa lugha yoyote ilimradi irudishe jibu linaloeleweka. Moduli zikakubaliwa moja kwa moja ndani ya hifadhi kuu ya msimbo. Ukisakinisha Ansible, unazipata zote kwa mkupuo. Watu wakamiminika. Kampuni ya Red Hat ikainunua kampuni iliyokuwa nyuma yake mwezi Oktoba 2015, na moduli zikaendelea kuongezeka hadi zikapita 3,000 ndani ya hifadhi moja.

Hapo ndipo mlango uliokuwa wazi ulipogeuka kuwa foleni. Timu ndogo ya wenye mamlaka ya kuunganisha msimbo, yaani kuuingiza mchango wa mtu kwenye hifadhi kuu, ilikuwa inatazama maelfu ya ripoti za hitilafu na maombi ya kuunganisha, mengi yakihusu vifaa ambavyo hakuna yeyote kwenye timu aliyewahi kuvigusa. Ombi la kurekebisha moduli ya swichi fulani lingemngoja mtu ambaye hana swichi hiyo aamue kama ni sahihi. Waliunda roboti iliyoitwa Ansibullbot, ikapewa kazi ya kubandika lebo, kuwaita watunzaji wa moduli husika na, kwa baadhi ya moduli, kuunganisha yenyewe pale watunzaji waliporidhia. Ilisaidia, lakini maombi yaliendelea kulala. Mchangiaji wa mara ya kwanza ambaye kiraka chake kimekaa miezi minane bila jibu harudi. Hatangazi kuondoka wala hagombani na mtu. Anabaki na kiraka chake kwenye seva zake, na wengine wote wanaendelea kuugua ugonjwa ambao dawa yake imeshaandikwa.

Mwaka 2020, kwa toleo la 2.10, waliupasua mradi. Injini ikabaki peke yake, na moduli zikahamishiwa kwenye makusanyo, kila kusanyo likiwa na hifadhi yake, ratiba yake ya matoleo na watunzaji wake wenye uwezo wa kuunganisha. Watumiaji wengi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki: majina ya moduli yalirefuka, maagizo ya zamani yalihitaji kupitiwa, na ikawa kazi kujua kipi kimehamia wapi. Nilipitia maagizo yangu yote wakati ule na haikuwa wiki ya kupendeza. Hata hivyo nauona uamuzi ule kuwa wa busara kuliko mingi iliyofanywa katika fani hii, kwa sababu uligusa penyewe. Anayekijua kifaa akapewa ufunguo wa moduli ya kifaa hicho, naye hangoji tena ruhusa ya asiyekijua. Salt nayo ilifuata njia inayofanana baadaye, ilipoanza kutoa moduli nyingi kwenye hifadhi kuu ili ziwe nyongeza zinazotunzwa na jamii.

Nikitaja ufunguo ninamaanisha kitu halisi kabisa. Kuna uwezo wa kuunganisha msimbo. Kuna uwezo wa kujenga vifurushi, kuvitia sahihi ya kidijitali na kuviweka pale watu wanapovichukulia. Na kuna haki ya kulitumia jina. Mradi unaweza kuwa na wachangiaji mia tano, leseni huria safi na mikutano ya kila mwezi, na bado funguo hizi zote zikawa mfukoni mwa kampuni moja. Mara nyingi hakuna anayeliona hilo, kwa sababu mambo yanakwenda vizuri, kampuni inalipa mishahara, vifurushi vinatoka kwa wakati. Linaonekana siku kampuni inaponunuliwa.

Puppet ndiyo mfano unaoniuma zaidi. Leseni yake tangu mwaka 2011 ni Apache 2.0, leseni huria isiyo na shaka. Kampuni ya programu ya Perforce iliinunua kampuni ya Puppet mwaka 2022. Novemba 2024 ikatangazwa kwamba kuanzia mwaka 2025 vifurushi vipya vitawekwa kwenye hifadhi ya faragha, na atakayetaka kuvitumia bila malipo atapitia mkataba wa mtumiaji wenye kikomo cha nodi 25, yaani mashine 25 zinazosimamiwa. Leseni ya msimbo haikuguswa hata neno moja. Kisheria kila kitu kilibaki huria. Lakini msimamizi wa seva mia nne hasakinishi msimbo. Anasakinisha kifurushi chenye sahihi kutoka hifadhi anayoiamini, na kifurushi hicho ndicho kilichofungiwa ndani. Watu waliokuwa wameandika moduli kwa zaidi ya miaka kumi, waliojibu maswali ya wageni, waliotafsiri ripoti zisizoeleweka kuwa viraka, wakajikuta wanaomba ruhusa kwenye mlango wa nyumba waliyoijenga.

Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa tayari wamejipanga. Tangu mwaka 2014 kulikuwa na kikundi cha watunzaji wa moduli ambacho baadaye kilijiita Vox Pupuli. Kilianza kwa sababu ya jambo dogo la kibinadamu: mtu anaandika moduli nzuri, watu wanaitegemea, kisha anabadilisha kazi au anapata mtoto au anachoka, na moduli inabaki yatima. Vox Pupuli ikawa mahali pa kuilelea. Moduli inahamishiwa kwenye kikundi, mwanzilishi anabaki na heshima yake, na wengine wanapata uwezo wa kuunganisha na kutoa matoleo. Zaidi ya moduli 100 zimekusanyika hapo, na uongozi ni wa kamati inayochaguliwa na wachangiaji wenyewe. Kwa hiyo mlango ulipofungwa, kulikuwa na watu wanaojuana, wenye taratibu, wenye majaribio ya kiotomatiki yanayofanya kazi, wenye uzoefu wa kutoa matoleo pamoja. Januari 2025 walitoa OpenVox, Puppet ileile kwa jina lisilo la kampuni, vifurushi vikiwa vimejengwa na jamii. Miezi miwili tu. Kikundi kilichokutana kwa mara ya kwanza siku ya tangazo kisingeweza kufanya hivyo.

Chef ilipitia kitu cha jamaa na hicho mapema zaidi. Aprili 2019 kampuni ilitangaza kwamba msimbo wake wote sasa ni huria chini ya Apache 2.0, na watu wengi walishangilia. Katika tangazo hilohilo, vifurushi vilivyojengwa na kampuni viliwekewa masharti ya kibiashara, na alama ya biashara ikalindwa vikali. Baadhi ya wanajamii walianzisha mradi wa kujenga vifurushi kutoka msimbo uleule bila jina la kampuni, wakauita Cinc, kifupi cha sentensi ya Kiingereza inayosema Cinc si Chef. Ufunguo wa jina walikuwa wameukosa, wakatengeneza wa kwao.

Na kuna Terraform, ambayo kazi yake ni kuumba miundombinu zaidi ya kusanidi seva zilizopo, lakini ni binamu wa karibu na kisa chake kina funzo la aina nyingine. Tarehe 10 Agosti 2023 HashiCorp, kampuni inayoitengeneza, iliitoa kwenye leseni huria ya MPL 2.0 na kuiweka chini ya leseni inayozuia matumizi ya ushindani. Iliwezekanaje kubadilisha leseni ya msimbo ulioandikwa na mamia ya watu? Kwa sababu wachangiaji walikuwa wakitakiwa kutia saini makubaliano yanayoipa kampuni haki pana juu ya michango yao. Ile fomu ndefu inayojitokeza unapotuma kiraka cha kwanza, ambayo karibu kila mtu huikubali bila kuisoma, ndiyo iliyofungua mlango. Wengine waliukusanya msimbo wa mwisho uliokuwa huria, wakaanzisha OpenTofu, ambayo Septemba 2023 ikawa chini ya Linux Foundation. Toleo la 1.7, la mwaka 2024, likaleta usimbaji fiche wa faili la hali, yaani faili linalohifadhi kumbukumbu ya miundombinu iliyoumbwa, kipengele ambacho watumiaji wa Terraform walikuwa wamekiomba kwa miaka mingi. Kilichokosekana miaka yote hiyo kilikuwa mtu mwenye ufunguo aliyeona kwamba ombi hilo linamhusu.

Naijua hoja ya upande wa pili na siioni kuwa ya kipuuzi. Programu hizi zinahitaji wahandisi wa kudumu. Usalama wake haukubali kuachiwa mtu mwenye saa mbili za Jumapili. Ushahidi ulitoka mwaka 2020, pale udhaifu wa Salt uliopewa namba CVE-2020-11651 ulipotangazwa mwishoni mwa Aprili. Watafiti walikuwa wamehesabu seva kuu zaidi ya 6,000 zilizokuwa wazi kwenye intaneti, na siku chache baada ya marekebisho kutoka, wavamizi walikuwa tayari ndani ya mifumo ya LineageOS, mradi wa mfumo endeshi wa simu, na Ghost, jukwaa la kuchapishia blogu. Anayeishika seva kuu ya usanidi ameshika seva zote zilizo chini yake kwa mamlaka ya juu kabisa. Kwa kazi ya namna hiyo unahitaji mtu anayeamshwa usiku na kulipwa kwa kuamshwa. Kampuni imetoa hilo, na wachangiaji wenzangu wanaozungumza kana kwamba mishahara hiyo haikuwa na maana wanakosea.

Wengine huenda mbali zaidi, wakisema kuwapa watu wa kujitolea funguo ni hatari yenyewe, na wanautaja mkasa wa xz. Hilo tulitazame kwa karibu. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund, akichunguza kwa nini kuingia kwa SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, aligundua mlango wa siri ndani ya maktaba ya kubana data ya xz. Ulikuwa umewekwa na mtu aliyejiita Jia Tan, aliyejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili hadi akakabidhiwa utunzaji. Ni kweli alipewa ufunguo. Lakini alipewa na mtunzaji aliyekuwa karibu peke yake, aliyechoka, aliyekuwa akisongwa na ujumbe wa kumlaumu kwamba anachelewesha matoleo. Kama kungekuwa na watunzaji sita wanaokaguana, na kanuni kwamba hakuna toleo linalotoka bila macho mawili ya ziada, Jia Tan angekuwa na safari ndefu zaidi mbele yake. Kilichofanya mlango ule uwezekane ni upweke wa yule mzee wa kazi, na upweke ndio hali ya moduli nyingi tunazoziendesha kwenye seva zetu leo. Tena aliyeugundua mkasa ule hakuwa mtunzaji wa xz wala mkaguzi aliyetumwa. Alikuwa mtumiaji aliyelala kwenye kitanda hicho.

Kwa hiyo ninapodai jamii ishike funguo, sidai funguo zigawiwe ovyo. Nadai ziwe na zaidi ya mshikaji mmoja, na washikaji wasiwe wote chini ya mwajiri mmoja. Mchangiaji mpya aombwe tu kuthibitisha kwamba msimbo ni wake kuutoa, kama inavyofanyika kwenye kiini cha Linux tangu mwaka 2004, asiombwe kukabidhi haki zitakazotumika kesho kuufungia msimbo huo. Maelekezo ya kujenga vifurushi yawe wazi kama msimbo wenyewe, ili mtu wa nje aweze kuvijenga na kulinganisha matokeo. Na kampuni zinazoendesha maelfu ya seva kwa moduli hizi ziwaruhusu wasimamizi wao kutumia saa za kazi kuzitunza. Hili la mwisho ndilo gumu. Nimekaa kwenye ofisi ambako kutuma kiraka nje kulihitaji idhini ya idara ya sheria, wakati kupakua moduli mia za watu wengine hakukuhitaji idhini ya yeyote.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo haina uhusiano na msimbo na ambayo haithaminiwi hata kidogo. Ripoti nzuri ya hitilafu ni mchango mkubwa kuliko viraka vingi. Mtu anayeandika "haifanyi kazi" amempa mtunzaji mzigo. Mtu anayeandika toleo la programu, toleo la mfumo endeshi, maagizo mafupi yanayozalisha tatizo, alichotarajia na alichokiona, huyo amemaliza nusu ya ukarabati. Halafu kuna wanaoipitia foleni na kujaribu tu kuzalisha tatizo lililoripotiwa na mwingine, wakaandika chini yake: nimejaribu kwenye toleo hili, limetokea, kwenye lile, halikutokea. Mistari miwili. Kwa mtunzaji ambaye hana mfumo huo, mistari hiyo miwili ni ya thamani kubwa mno. Wapo pia wanaosahihisha nyaraka baada ya kukwama, wakati ukwamaji bado una joto, kabla hawajazoea na kusahau ni neno gani liliwapoteza. Mtaalamu wa miaka kumi hawezi kuiandika sehemu hiyo ya nyaraka, kwa sababu haioni tena. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sijaona mahali msemo huo unapotimia kama kwenye nyaraka za programu ya usanidi.

Lakini mgeni lazima apokelewe. Nimeona miradi inayoweka lebo ya kazi nyepesi za kuanzia, kisha kazi hizo zinachukuliwa na watunzaji wenyewe kwa sababu ni haraka kuzifanya kuliko kumwelekeza mtu. Ni haraka kweli, kwa wiki hiyo. Yule mtunzaji aliyeniomba jaribio la kuendesha moduli mara mbili angeweza kulifuta lile pengo mwenyewe kwa sekunde tatu na kulifunga ombi langu. Alitumia jioni tatu kunielekeza jinsi ya kuandaa mashine pepe za majaribio, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta, jinsi ya kusoma matokeo, kwa nini jaribio langu la kwanza lilikuwa linapita hata bila kiraka na hivyo halikuthibitisha chochote. Kiraka kilipounganishwa, jina langu liliingia kwenye orodha ya matoleo. Miezi sita baadaye, baada ya viraka vingine vichache, nilipewa uwezo wa kuunganisha kwenye moduli ile, kwa sababu hatimaye kulikuwa na mtu anayelala kwenye kitanda kile.

Wiki hii limeingia ombi kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuchangia. Anasema kwenye toleo jipya la mfumo endeshi anaoutumia, faili la usanidi la hifadhidata limehamishiwa saraka nyingine, na moduli yetu bado inaliandika palepale pa zamani, kwa hiyo huduma inawaka na usanidi wa chaguo-msingi bila kutoa onyo lolote. Kiraka chake ni cha mistari minne. Hakina jaribio. Mfumo huo sina, na mwenzangu hana. Nimemwandikia kumshukuru, nikamwomba aendeshe moduli mara mbili kwenye mashine yake na atuletee matokeo yote mawili, na nikamwekea hatua za kuandaa mashine pepe. Amejibu kwamba atajaribu kesho jioni akitoka kazini.